Vazi la Mzamiaji

Wasikilizaji wangu, nilipotaja nyumbani kwamba wiki hii nitazungumzia wazamiaji, mwanangu alidhani nasema vijana wanaojificha melini ili wafike Ulaya. Sivyo. Nasema wale wanaoshuka chini ya bahari, tena bahari ya baridi, na vazi wanalovaa. Sisi wa pwani hii huoga kwa kaptula tu. Lakini maji hupoteza joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa, na katika maji ya nyuzi 10 vidole hufa ganzi kabla kazi haijakwisha.

Binadamu amelijibu tatizo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyazuia maji yasiingie. Katika miaka ya 1830, Augustus Siebe, Mjerumani aliyehamia London, aliunganisha kofia ya shaba na vazi zima lisilopitisha maji. Hewa ilisukumwa kwa pampu kutoka juu, na ndani mzamiaji alivaa nguo nzito za sufu. Vazi hilo lilipata sifa huko Spithead, Uingereza, ambako Kanali Charles Pasley alisimamia uondoaji wa mabaki ya Royal George, manowari iliyozama mwaka 1782. Kazi ilianza 1839 ikaisha 1843.

Wazamiaji wakawa wanatoka wakavu. Hata hivyo, Pasley aliona kwamba wale wazoefu wote walisumbuliwa na maumivu ya viungo, wakadhani ni baridi yabisi. Kwa elimu ya leo, yaelekea ulikuwa ugonjwa mwingine: mapovu ya hewa yanayotokea mwilini mtu akikaa sana kilindini kisha akapanda haraka. Mfaransa Paul Bert alieleza jambo hilo mwaka 1878, na Mskoti John Scott Haldane akatoa majedwali ya kupanda polepole mwaka 1908. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Njia ya pili ni kuyaacha maji yaingie. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mtu hahitaji kuwa mkavu ili apate joto. Kinachozuia baridi ni viputo vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wa sponji. Maji machache yanayopenya hupashwa joto na mwili, mradi vazi libane vizuri. Vazi hilo ni jepesi, na bei yake ni nafuu. Kasoro yake ni kwamba kilindini viputo hubanwa: katika mita 10 tu, gesi hubaki nusu ya ujazo wake. Baridi inapozidi, ndipo vazi hupungua unene. Kwa hiyo anayeshuka sana, au kwenye maji ya barafu, huchagua vazi kavu na kujifunza kuiongoza hewa iliyomo, maana ikikimbilia miguuni humpindua kichwa chini.

Lakini lililonigusa zaidi ni habari ya wanawake wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini. Hao huzamia kwa pumzi yao wenyewe, bila mtungi, kutafuta konokono wa baharini na mwani. Zamani walivaa nguo za pamba tu, hata wakati wa baridi kali. Nusu saa haikuisha kabla hawajarudi ufukweni kuota moto. Watafiti waliowapima katika miaka ya 1960 walikuta miili yao imezoea, ikitengeneza joto zaidi majira ya baridi kuliko ya watu wengine. Miaka ya 1970 vazi la mpira likafika. Wakaweza kukaa saa mbili, tatu, bila kutoka. Mapato yakaongezeka, mateso yakapungua. Baada ya miaka michache, watafiti walipowapima tena, ule uwezo wa mwili ulikuwa umetoweka.

Nani atawalaumu? Mimi siwezi. Mama anayetetemeka ili watoto wasome ana haki ya kuvaa kitu cha joto. Ila baridi ndiyo iliyokuwa saa yao, iliyowaambia imetosha, tokeni. Saa hiyo ilipovuliwa, ilibidi watu wenyewe washike zamu yake: vyama vya wanawake hao hupanga siku za kuzamia na kukataza kuchukua wadogo.

Hivyo anayeuliza avae lipi, lenye kuingiza maji au kavu, namjibu: vaa linalofaa baridi ya maji yako na kina chako. Kisha ujiulize, sasa baridi haikufukuzi, ni nani atakayekuambia utoke?

Kwa leo naishia hapo.