Mwezi mwandamo

Mtoto wa Ifakara anayejifunza awamu za mwezi ana msaada mkubwa ndani ya lugha yake. Tunasema mwezi umeandama. Kuandama ni kufuata, na jioni hiyo mwezi hufanya hivyo hasa: jua linatua upande wa Milima ya Udzungwa, nao mwembamba unashuka nyuma yake. Kesho yake unachelewa zaidi, kwa wastani wa dakika 50 hivi, kwa kuwa unaizunguka dunia kuelekea mashariki. Kadiri unavyoachana na jua ndivyo tunavyouona zaidi upande wake ulioangazwa, hadi mwezi mpevu uchomoze mashariki jua likizama magharibi. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni takriban siku 29.5, ndiyo maana miezi ya Kiislamu huwa na siku 29 au 30.

Mchoro wa hilali iliyosimama wima, pembe zikielekea kando, unawafaa watazamaji walio mbali na ikweta. Bonde la Kilombero liko nyuzi 8 hivi kusini mwake, na hapa hilali mara nyingi hulala chali kama mtumbwi. Natamani walimu wawaambie watoto waichore wanavyoiona.

Neno la kutumiwa kwa uangalifu darasani ni kivuli. Kivuli cha dunia huuangukia mwezi unapopatwa tu. Giza la hilali ni upande wa mwezi wenyewe usiofikiwa na jua.