Mfalme, Mshumaa na Sura ya Cromwell: Tarehe na Maana katika Mchoro wa Gillray wa 1792

Simulizi mashuhuri kuhusu A Connoisseur Examining a Cooper, mchoro wa James Gillray unaomkejeli Mfalme George III kama mjuzi wa sanaa, huanza na kinyongo. Inadaiwa kuwa Gillray alifuatana na mchoraji Philippe de Loutherbourg hadi Flanders, kukusanya vielelezo vya picha kubwa ya kuzingirwa kwa Valenciennes. Waliporejea, mfalme aliisifu kazi ya Loutherbourg, lakini kuhusu rasimu za Gillray akasema hazielewi. Gillray akalipiza kwa bamba la shaba.

Simulizi hili ni tamu, ila tarehe zinalikataa. Mchoro ulichapishwa na Hannah Humphrey tarehe 18 Juni 1792, ilhali Valenciennes ilianguka Julai 1793. Kisasi hakiwezi kutangulia kosa.

Sababu haina budi kutafutwa ndani ya mchoro wenyewe. Mfalme, ambaye macho yake hayakuona mbali, ameisogeza karibu na uso picha ndogo iliyochorwa na Samuel Cooper. Sura iliyomo ni ya Oliver Cromwell, mmoja wa waliotia saini hati ya kumuua Charles I mwaka 1649. Mkono mwingine umeshika kinara chenye kifaa cha kuteketeza kipande cha mwisho cha mshumaa, nta isipotee hata kidogo. Huyu ndiye mlezi wa Royal Academy tangu kuanzishwa kwake mwaka 1768, naye anaikagua sanaa kwa mwanga wa ubahili. (Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Gillray aliurudia ubahili huo, safari hii mfalme akiwa mezani na yai lake la kuchemsha.)

Hata hivyo, ubahili pekee hauelezi uteuzi wa Cromwell. Tarehe 21 Mei 1792 serikali ilikuwa imetoa tangazo la kifalme dhidi ya maandishi ya uchochezi. Nchini Ufaransa ufalme ulibakiza miezi michache kufutwa. Katika mazingira hayo, kumweka mfalme uso kwa uso na Cromwell lilikuwa jambo la hatari, na kisingizio cha ujuzi wa sanaa kiliufaa mchoro. Uso wa mfalme unaruhusu kusomwa kwa namna mbili: ama amestuka, ama anachunguza tu mapigo ya brashi bila kumtambua aliyechorwa. Usomaji wa pili ndio mkali zaidi.