Kutoka Diski hadi Mtandaoni: Ushindani wa Utiririshaji wa Filamu na Nafasi ya Kiswahili

Historia ya filamu za Kiswahili haitenganishiki na historia ya usambazaji wake. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 21, filamu za Bongo ziliuzwa kwa kanda na diski, na Steps Entertainment ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa wasambazaji wakubwa. Filamu nyingi zilibeba majina ya Kiingereza, kama *Girlfriend* ya mwaka 2003, lakini mazungumzo yake yalibaki ya Kiswahili. Jina lilipamba jalada, ilhali mnunuzi wa mtaani ndiye aliyeamua lugha ya mchezo.

Utiririshaji ulibadili uhusiano huo. Netflix, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1997 kukodisha diski kwa njia ya posta, ilianza kutiririsha filamu mwaka 2007. Januari 2016 ilifungua huduma katika nchi zaidi ya 130 kwa mkupuo, Kenya na Tanzania zikiwamo. Ilimkuta mshindani: Showmax, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2015, nayo iliingia rasmi Kenya mwaka 2016. Mwaka 2021 Netflix iliwapa Wakenya wenye simu za Android huduma ya bure; mwaka 2023 iliiondoa.

Ushindani huo ulizaa matunda. Tamthilia ya *Country Queen*, iliyooneshwa na Netflix mwaka 2022, inachanganya Kiswahili, Kiingereza na Kikamba, kama wazungumzaji wengi wa Kenya wafanyavyo. Hapa uchanganyaji msimbo si kasoro ya lugha bali ni nyenzo ya kujenga wahusika.

Hata hivyo, matunda hayo hayana dhamana. Januari 2024 Prime Video ilisitisha kuagiza kazi mpya barani Afrika. Mwezi uliofuata Showmax ilizinduliwa upya kwa teknolojia ya Comcast ya Marekani. Maamuzi ya namna hiyo hufuata hesabu za kampuni, si mahitaji ya lugha.

Tofauti ya msingi imo katika umiliki. Diski ilibaki kabatini mwa mnunuzi hata msambazaji alipofilisika. Filamu ya mtandaoni huonekana kwa muda wa mkataba tu. Kwa taaluma inayochukulia mazungumzo ya filamu kuwa data ya Kiswahili cha wakati wake, uhifadhi wa kazi hizi katika maktaba za umma ni suala la kitaaluma, wala haliwezi kuachiwa soko.