Nakala Iliyotoka Ghana

Kompyuta iwashwapo haijui neno lolote ila moja tu: mahali pa kwenda kuuliza. Huiendea diski yake ya kuwashia, ikasoma sehemu ya kwanza kabisa ya diski hiyo, na humo hupata maelezo ya kuamsha programu nyingine zote. Katika mashine za mtindo wa zamani sehemu hiyo ni baiti 512 tu, ndogo kuliko barua fupi. Lakini ikiharibika, mashine ya thamani kubwa hugeuka kuwa sanduku la chuma lisilo na faida.

Hapo kwanza jambo hili halikuwasumbua watu sana. Kompyuta ya IBM PC, iliyotoka mwaka 1981, iliweza kuwashwa kwa diski laini, ambayo mtu aliitoa, akaitolea nakala, akaifungia kabatini. Mwaka 1983 ikatoka IBM PC XT, yenye diski ngumu ya megabaiti 10, na diski ya kuwashia ikawa imejificha ndani ya mashine. Mwaka uliofuata kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilibuni utaratibu uitwao NFS, ambao huiwezesha kompyuta kutumia diski iliyo katika kompyuta nyingine kana kwamba ni yake mwenyewe. Baadaye ofisi nyingi zikazoea kuweka nakala zao katika ghala la mtandao, na kazi iliyokuwa ya mikono ikafanywa na mashine usiku, watu wakiwa wamelala.

Mimi siulaumu utaratibu huo, maana una manufaa mengi. Lakini fikiri, msomaji: njia ipelekayo nakala ghalani ndiyo njia iwezayo kumpeleka adui huko huko.

Tazama yaliyoipata kampuni ya Maersk ya Denmark, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za meli duniani, ambayo makontena yake hufika hata Kilindini. Huko Ukraine kulikuwa na programu ya hesabu na kodi iitwayo M.E.Doc, na ofisa mmoja wa fedha wa Maersk mjini Odessa alikuwa ameomba iwekwe katika kompyuta moja. Moja hiyo ilitosha. Wadukuzi waliingia kwa siri katika seva za wenye programu ile, na tarehe 27 Juni 2017 wakapenyeza humo virusi vilivyokuja kuitwa NotPetya.

Virusi hivyo viliiba maneno ya siri yaliyomo katika kumbukumbu ya kila mashine, tena vikatumia silaha iliyobuniwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ikaibwa na kutangazwa hadharani mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Vikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta, vikaandika juu ya sehemu ile ndogo ya kuwashia niliyoitaja. Mashine ilipojiwasha upya, kioo kilionyesha tangazo la kudai dola 300 kwa sarafu ya bitcoin. Dai hilo lilikuwa hadaa, kwa kuwa ufunguo wa kurudisha mafaili haukuwapo, na aliyelipa alitupa fedha zake.

Katika makao makuu, Copenhagen, wafanyakazi walikimbia huku na huku wakichomoa waya za kompyuta, wamechelewa. Kati ya bandari 76 za kampuni, 17 zilikwama. Malori yakapanga foleni ndefu nje ya lango la Elizabeth, New Jersey. Meli zenyewe zilikuwa salama baharini, lakini watu wa bandarini hawakuweza tena kujua ni kontena lipi lina nini, wala liende wapi.

Mafundi wakakusanyika Maidenhead, Uingereza, ili kujenga mtandao upya. Walipata nakala za karibu seva zote, zilizowekwa siku 3 hadi 7 kabla ya msiba. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho kilikuwa msingi wa vyote: daftari la ruhusa, lisemalo nani aingie katika mtandao na afungue nini. Daftari hilo lilishikwa na seva zipatazo 150 duniani kote, na kila moja ilikuwa nakala ya nyingine. Waliopanga hivyo walitazamia seva moja ife, au mbili. Hawakutazamia zote kufa pamoja.

Baada ya kuuliza ofisi nyingi kwa simu, walipata moja iliyosalimika, huko Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya virusi kufika, na seva ile ikawa imetengana na mtandao. Wako wasimuliao habari hii kwa kicheko, kana kwamba Afrika imesaidia kwa upungufu wake. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Kilichoiokoa nakala ile ni kutengwa, na kutenga ni jambo ambalo mtu aweza kulipanga mwenyewe, kama yule aliyefungia diski yake laini kabatini.

Kuipeleka nakala ile Uingereza kwa mtandao kungechukua siku nyingi, kwa kuwa njia ya mawasiliano ilikuwa nyembamba. Nao wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski hiyo katika uwanja wa ndege, na huyo akasafiri nayo hadi London, muda wa saa sita na nusu, ndipo ikafika Maidenhead.

Januari 2018, mwenyekiti wa Maersk, Jim Hagemann Snabe, aliueleza mkutano wa Davos kwamba katika siku 10 kampuni iliweka upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500. Hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Mwezi uliofuata serikali za Uingereza na Marekani zikalitaja jeshi la Urusi kuwa ndilo lililotuma virusi vile, Urusi ikakana. Mnamo Oktoba 2020 Marekani ikawafungulia mashtaka maofisa sita wa ujasusi wa jeshi hilo.