Mahari kama Shahidi wa Nasaba Buha

Mtafiti wa nasaba anayefanya kazi Kabanga, katika nyanda za juu za Kasulu, hukwama mapema, kwa sababu kwa desturi ya Waha, wenyeji wa Buha, jina la baba halimfuati mtoto. Kila mtoto hupewa lake, mara nyingi kwa kutazama hali aliyozaliwa nayo, na ndugu wanne wa tumbo moja huweza kuwa na majina manne yasiyohusiana. Ndiyo maana wengi hukimbilia parokiani, na si vibaya. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka paroko atunze vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na pembeni mwa jina la aliyebatizwa iongezwe ndoa yake, hata ikifungwa mbali. Serikali haikuwa na cha kulinganisha, maana sheria ya 1920 ya kuandikisha vizazi na vifo haikuwalazimisha Waafrika. Lakini babu aliyekufa kabla ya padri kufika hakuandikwa. Huko nyuma, kwa maoni yangu, shahidi wa kutegemewa ni mahari. Ng'ombe, mbuzi au majembe ndiyo yaliyompa baba haki juu ya watoto, na deni la mahari lilirithiwa. Kwa hiyo waliotoa walikumbuka, na waliopokea pia. Mtafiti makini humuuliza mzee ng'ombe wa mahari alitoka zizi la nani, kisha huvuka bonde na kuwauliza wakwe swali lilelile.

Atasema mtu kwamba kumbukumbu yenye maslahi hupindishwa. Ni kweli, na orodha za wami, yaani watawala wa jadi, wa falme za Heru na Muhambwe zinastahili shaka hiyo: Waingereza walipotawala kupitia wenyeji, hasa baada ya sheria ya 1926, nasaba ya mwami ikawa hati ya cheo, na mnyonge hakuwa na pa kuipingia. Dai la mahari, kinyume chake, lina mpinzani tangu siku ya kwanza. Wagomvi wawili wakikubaliana binti alikuwa wa nani, nawaamini kuliko padri mgeni aliyeandika majina ya Kiha kwa kusikia tu. Pengo ni kwa waliokufa bila kuoa, na kwa manamba, yaani vibarua, waliokwenda mashamba ya mkonge ya Tanga wasirudi. Operesheni Kigoma ya 1972 nayo iliwahamishia watu katika vijiji vipya, ikawatenganisha majirani waliokuwa mashahidi. Kwa manamba aliyebatizwa kabla ya kuondoka, heri kurudi parokiani: huenda pembeni mwa jina lake paliandikwa ndoa ya Tanga ambayo ndugu zake hawakupata kuisikia.