Arabuko-Sokoke: msitu uliookolewa na vipepeo

Julai 2024, UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kaunti ya Kilifi, ulipo mji huo pwani ya Kenya, ikapongezwa kila upande. Mwaka huohuo, wakazi wa Uyombo, mwendo mfupi kutoka Gede, walikuwa wakiandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kwenye ufuo wao, karibu na mikoko ya hori la Mida. Walikabiliana na polisi, na habari zao zikaenea nchi nzima. Kati ya shangwe ile na vurugu zile umesimama msitu wa Arabuko-Sokoke, unaopakana na Gede na kuelekea Mida. Historia yake ingewafaa wote wanaobishana leo kuhusu maendeleo na mazingira, kwa maana msitu huu umekwisha kuyapitia mabishano hayohayo, ukanusurika.

Ukiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, ndio msitu mkavu wa pwani uliobaki mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Zamani misitu ya aina hii ilitanda kutoka Somalia hadi Msumbiji. Leo imebaki vipandevipande. Wa kwanza kuujua vyema walikuwa Wawaata, wawindaji ambao wengine huwaita Wasanye. Wagiriama walifika baadaye, walipotoka katika kaya zao, yaani vijiji vyao vya kale vyenye ngome, na kusambaa kutafuta mashamba. Baada ya vita vya 1914 kati yao na wakoloni, wakati jina la Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahamasisha Wagiriama, lilipovuma, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu wale waliokuwa ng'ambo ya mto Sabaki. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliutangaza Arabuko-Sokoke kuwa msitu wa serikali. Kwa wenyeji maana yake ilikuwa moja: miti ni ya bwana misitu, na anayeingia na panga ni mwizi. Mbao nazo ziliendelea kutoka.

Wageni wakati huo walikuwa na mambo yao ufuoni. Malindi ilikuwa imeanza kupata hoteli za walowezi waliotoka bara kwa likizo, na mwaka 1934 mwandishi Ernest Hemingway alifika kuvua samaki. Magofu ya Gede yalianza kutembelewa na wengi baada ya mwanaakiolojia James Kirkman kuanza kuyachimbua mwaka 1948, kazi iliyomchukua miaka kumi. Akafukua misikiti, nyumba za mawe ya matumbawe, visima na vyombo vya kauri kutoka China. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Kirkman mwenyewe aliandika kwamba siku zake za mwanzo pale alihisi kuna mtu anayemtazama kutoka nyuma ya kuta. Wanaoijua Gede jua linapotua hawamshangai.

Kwa wanasayansi, msitu ulipata jina mwaka 1965 alipogunduliwa bundi mdogo asiyejulikana hapo awali, ambaye sasa anaitwa bundi wa Sokoke. Yumo pia sange mwenye rangi ya dhahabu matakoni, mnyama mwenye pua ndefu anayekimbia juu ya majani makavu kabla hujamwona sawasawa. Mwaka 1968 bahari ya Malindi na Watamu ikawa hifadhi ya taifa. Wapenda ndege wakaanza kuja kutoka Ulaya, darubini shingoni.

Majirani, lakini, walikuwa na njaa. Mashamba kandokando ya msitu yana mchanga na mvua ni ya kubahatisha. Tembo walikuwa wakitoka usiku na kumaliza mahindi, na nyani wakija mchana kumalizia kilichobaki. Fidia ilikuwa ndoto. Mkulima alilala njaa jirani na ardhi kubwa aliyokatazwa kuigusa, akaambiwa kuwa ni kwa ajili ya bundi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Haikushangaza kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipowauliza wakazi maoni yao, wengi walitaka msitu ukatwe, wagawiwe mashamba. Wanasiasa walilisikia hilo, na muongo huo likaja shinikizo la kuumega msitu upande wa Kararacha ili watu wapewe makazi.

Hapo ndipo vipepeo walipoingia. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, ukiongozwa na Ian Gordon na kuwekwa katika uwanja wa magofu ya Gede chini ya Makavazi ya Taifa. Wazo lilikuwa jepesi kueleza na gumu kuaminika: Ulaya na Marekani kuna nyumba za vioo ambamo watu hulipa kuingia ili wawaone vipepeo wa nchi za joto wakiruka, na nyumba hizo huhitaji vipepeo wapya kila mara. Kwa nini wasitoke Gede?

Wazee wengi waliwacheka waliojiunga. Mdudu anunuliwe? Kazi yenyewe inataka mikono mitulivu. Mfugaji hutundika mtego wa wavu wenye umbo la pipa kwenye tawi, chini yake akaweka sahani ya ndizi iliyooza na kuchacha. Kipepeo hushuka kunywa, na akipaa hujikuta ndani ya wavu. Majike hupelekwa nyumbani kwenye kizimba cha chandarua, hutaga mayai juu ya majani ya mti wao, na viwavi wakianguliwa hulishwa majani hayohayo, kwa kuwa aina nyingi hula miti michache tu. Kiwavi akishakuwa pupa, mbio huanza: pupa lazima ifike Gede, ipangwe, ifungwe kwa pamba, ipakiwe ndegeni na kutua London au kwingineko kabla kipepeo hajatoka. Ikichelewa siku chache, fedha zimeruka.

Mfugaji aligundua jambo ambalo hakuna askari wa misitu aliyewahi kumfundisha. Mti wa kiwavi wake uko msituni, na mbegu za kupanda nyumbani zinatoka huko, sawa na majike wa kuanzia kizazi kipya. Msitu ukikatwa, kizimba kitakuwa tupu. Fedha za pupa zikalipa karo, zikaezeka nyumba. Watafiti waliporudi kuuliza tena baada ya miaka michache, walikuta wafugaji wameacha kutaka msitu ukatwe. Pendekezo la Kararacha halikupita.

Tangu hapo yamekuja mengine ya namna hiyo. Shirika la A Rocha Kenya, kwa mpango wake wa ASSETS, hutumia ada za wageni wanaopita kwenye daraja la mbao la Mida kuwalipia karo ya sekondari wanafunzi wanaoishi kandokando ya msitu. Vijana wa hapa wamekuwa waongoza wageni mahiri, wanaojua kichaka gani bundi wa Sokoke amelala mchana. Mwaka 2014 utafutaji wa mafuta ulipotaka kuingia msituni, wakazi walikuwa miongoni mwa waliopiga kelele.

Hata hivyo Wakenya wengi bado wanaupita msitu huu kwa gari, wakielekea hoteli za Watamu na Malindi. Mabasi ya shule huegeshwa kwenye magofu ya Gede, watoto wakapiga picha, wakarudi Mombasa bila kukanyaga njia za msituni zilizo karibu hivyo. Njia zipo kati ya mirihi kwenye mchanga mweupe, na nafasi za kupiga hema zipo. Wanaolipa kuzitembea wengi ni wageni wa ng'ambo.

Mpango wa usimamizi wa msitu ulioanza 2002 unafikia kikomo 2027. Watakaoandika mpya wawape wafugaji wa vipepeo, warina asali na waongoza wageni nafasi ya kwanza mezani, kwa sababu tangazo la 1932 peke yake halikuwatuliza wenyeji. Nawe msomaji, ukishuka pwani likizo ijayo, tenga asubuhi moja, lipa kiingilio, mwajiri kijana wa Gede akutembeze. Shilingi hiyo ni sehemu ya ulinzi wa Arabuko-Sokoke.