Kilometa Zisizohesabiwa: Mwendo wa Shule Karagwe na Kyerwa

Historia ya elimu nchini mwetu huandikwa kwa idadi ya madarasa na wanafunzi. Napendekeza tuiandike pia kwa kilometa ambazo mtoto hutembea kutoka kibanja cha wazazi wake hadi shuleni. Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zinatupa mfano mzuri.

Katika miaka ya 1950, chini ya utawala wa Mwingereza, shule ya msingi iliishia darasa la nne. Aliyechaguliwa kuendelea alikwenda shule ya kati, nazo zilikuwa chache. Hivyo, baada ya mtihani, umbali ulikuwa mchujo wa pili.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwakusanya watu karibu na huduma. Lakini migomba na mibuni haihamishiki; katika maeneo ya kilimo hicho mkoani Kagera, kaya nyingi zilibaki katika vibanja vyao. Ikabidi shule imfuate mtoto, na kwa kiasi kikubwa ilimfuata.

Umbali haukwisha, bali ulihamia sekondari. Mpango wa MMES, ulioanza mwaka 2004, ulieneza shule za kata. Hata hivyo, kata ni mpaka wa kiutawala, haikupimwa kwa hatua za mtoto. Kata moja yaweza kuwa na vilima na mabonde kadhaa, na njia fupi ya kiangazi hugeuka tope wakati wa masika. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, lakini mwendo ulibaki palepale.

Wazazi hujitafutia njia: wenye uwezo hulipa bodaboda, wengine humpangia mtoto geto karibu na shule. Binti wa miaka kumi na minne anayejipikia na kulala peke yake amepunguziwa kilometa, ila ameongezewa hatari. Naye anayeomba lifti njiani huweza kudaiwa malipo asiyoyatarajia.

Kwa hiyo, taarifa ya kila sekondari mpya ieleze pia mwanafunzi wa mbali kuliko wote anatoka wapi, na kama kuna bweni la kumpokea. Pasipo jibu, tusitangaze kwamba shule imewafikia wananchi.